Mikono Niachie Mimi

4 Februari

Shangazi mpenzi,

Na lile dirisha sikumaliza kukueleza, maana karatasi iliniishia. Shikamoo kwanza, kabla hujasema ndoa imenitoa adabu. Dirisha la chumba chetu linapokea jua la asubuhi moja kwa moja hadi kitandani, na mume wangu akiamka hunitundikia shuka pale ili jua lisinichome usoni. Kila asubuhi, Shangazi! Anapanda kiti kwa ncha za vidole kama mwizi, mimi nimefumba macho najifanya nimelala, moyo unacheka peke yake. Majirani wanamwita Bwana Baridi kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza mafriji. Mimi nawajibu kwamba baridi wanaijua wao. Usinune. Nimeolewa, nina ruhusa.

Baba goti linamsumbua bado? Mwambie aache kukaa kizingitini jioni. Na bibi, anaendelea kugombana na redio? Mpe salamu zangu kwa sauti kubwa, sikio la kulia.

Watu huku hawajaacha kuniuliza gauni langu la harusi lilishonwa wapi. Lilinikaa kama maji. Nimelitundika nyuma ya mlango, na mume wangu akipita hulisalimu, "Hujambo, bibi harusi." Ulisema macho yanakuwasha ndiyo maana hukuja. Nilikuwekea kiti cha mbele mpaka watu wakaanza kukunja meza. Basi, yamepita.

Sasa sikiliza. Nimepata kazi! Si ya kushona, ya kukata! Ni karakana ya sare, chumba kirefu chenye madirisha juu kabisa karibu na dari, mashine zimepangwa safu mbili, na katikati meza ya kukatia ndefu hata ukimwita mtu wa upande wa pili inabidi upaze sauti. Msimamizi ni mama mmoja mwembamba, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, rula haimtoki mkononi. Wanamwita Mama Rula. Akiwa na hasira anaipiga meza, akifurahi pia anaipiga meza, wenyewe wanajua tofauti.

Akaniuliza, "Nani kakufundisha?"

"Shangazi yangu."

"Lini?"

Nikamwambia tangu mama alipofariki na baba akawa ananiacha dukani kwako baada ya shule, mimi nimekaa chini ya meza naokota vipande. Hata nilipomaliza sekondari na wenzangu wakatafuta kazi za ofisini, mimi nilirudi palepale, safari hii juu ya meza. Akanipa chaki na kitambaa. Nikakata kola na mgongo kwa tepu na jicho tu, bila karatasi. Mama Rula akaishusha miwani, akavigeuza vipande. Halafu akasema nitajaribiwa mpaka mwisho wa Aprili. Nikifaa, mimi ndiye mkataji wao. Nisipofaa, narudi kuangalia dirisha langu. Kazi ya kwanza ni sare za wauguzi.

Shangazi, kila nilicho nacho umenipa wewe. Nikikutana na mtu naangalia mabega kabla ya uso. Mteja akinenepa simwambii amenenepa, namwambia kitambaa kimerudi. Hata mume nimempata kwa sababu yako. Siku ile alipokuja huko kutengeneza friji la jirani yako, kabla sijaona sura yake niliona bega la shati lake limeshonwa vibaya. Nikamhurumia, na kwenye huruma ile sikutoka tena.

Barua hii nampa Bwana Mita, mchuuzi wetu wa vitambaa, anayekuja huku na kurudi huko. Simu yako najua umeitupa kwenye debe la vifungo.

Anayekupenda sana,
Binti yako

*

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika na harufu yake. Bwana Mita anasema mzigo mzima wa vitambaa umenukia manukato yako, na mteja mmoja amemwuliza kama siku hizi anauza mahari. Punguza.

Goti la baba yako liko palepale lilipokuwa. Bibi yako redio imemshinda, sasa anagombana na jirani. Paka tulidhani ana mimba, kumbe kitambaa kimerudi.

Nashukuru kama gauni lilikukaa. Usilifue, usilipige pasi, usiliguse. Liache hapo mlangoni.

Hiyo kazi nimeisikia. Mimi nilidhani umekwenda kuolewa, kumbe umekwenda kuajiriwa. Kukata sare si jambo la kukimbilia. Waombe wakupe mashuka, mapazia, aproni, vitu vilivyonyooka. Na hukuniambia mikono ya hizo sare anaishona nani.

Duka lipo. Kiti chako kipo, nimeweka kapu la vipande juu yake. Si kwamba namngoja mtu, kapu halikuwa na pa kukaa.

Huyo mtu wako anayetundika shuka dirishani, mwambie anunue kitambaa mkewe amshonee pazia. Au fundi niliyemlea mimi pazia limemshinda?

Shangazi yako

*

2 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Pazia nimeshona! La maua ya manjano, na mume wangu amesikitika kweli kweli. Anasema nimemwachisha kazi. Sasa asubuhi anapanda kiti vilevile, analifunga pazia ambalo tayari limefungwa, anashuka. Nampenda mpaka naona aibu kuandika. Mwandiko wako safari hii ulikuwa unapanda mlima, mistari yote imekwenda juu kuliani. Uliandika ukiwa unaharakisha nini?

Shangazi, nina shida, na ni wewe tu wa kunisaidia.

Sare za kwanza zimerudishwa. Muuguzi mmoja alikuja mwenyewe karakana, mama wa makamo mwenye sauti. Akaivaa mbele yetu sote, akasema, "Nitazameni." Akainua mkono kama mtu anayetundika dripu. Gauni zima likapanda naye mpaka magotini, na mbele ya kwapa kitambaa kikajikunja kama kimefinywa. Akauliza, "Mmenishonea sare au mmenifunga kamba?" Wote wakacheka. Jirani yangu wa mezani, Mama Pacha, ambaye kwa kawaida ni rafiki, alicheka mpaka akakaa.

Mama Rula hakucheka. Alipima urefu, sawa. Upana, sawa. Akasema kosa haliko kwenye kushona, liko kwenye kukata. Nikamwuliza nirekebishe vipi. Akanitazama kama nimemwuliza sindano inaingia uzi upande gani. "Anayeomba kuwa mkataji hafundishwi mkono," akasema. "Mkono ndio kitu cha kwanza. Hebu niambie tena, wewe nani kakufundisha?" Nikakutaja, Shangazi, kwa sauti, watu wakisikia. Nilikuwa naona fahari kukutaja, safari hii nilikuwa kama nakushtaki.

Sare za pili zinakatwa mwanzoni mwa Aprili. Zikirudi na hizo, basi.

Mimi nakata kama ulivyonifundisha. Nakunja kitambaa mara mbili, nachora kichwa cha mkono kwa mviringo mmoja, nakata pande zote mbili kwa mpigo, nikikunjua mbele na nyuma zinafanana kabisa. Dukani kwako nilikata hivyo miaka yote, wewe unashonea, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Kinachokosekana ni nini? Kuna kitu nakisahau. Niambie tu, hata mstari mmoja unatosha. Mume wangu ananiambia nisilie, atanitengenezea friji la kukatia. Mjinga wangu.

Binti yako

*

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Paka ametoroka, na jirani anamsingizia bibi yako kwamba amemfukuza kwa redio. Baba yako amekatazwa ngazi, amepanda ngazi, ameshushwa. Paa la duka linavuja pale juu ya pasi, nimehamisha pasi.

Huyo muuguzi wako ana mabega mapana, ndivyo nionavyo mimi. Wapo watu ambao nguo haiwataki.

Kuhusu mikono, mikono niachie mimi, kama siku zote. Mwambie huyo mama wa rula kwamba vipande vya mikono vikishakatwa vifungwe kwenye mzigo wa Bwana Mita. Nitavimalizia hapa na kuvirudisha. Au njoo navyo mwenyewe, ukae wiki mbili tatu tuvimalize pamoja. Mume hapotei kwa wiki mbili, na huyu wako ana pazia la kufunga.

Mwanamke aliyeolewa ana haja gani ya kusimama mezani kutwa nzima akipigiwa rula? Mimi sikukupigia rula hata siku moja. Kumbuka hilo.

Nilikwambia sare si jambo la kukimbilia.

Shangazi yako

*

23 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo.

Nilimpelekea Mama Rula wazo lako. Nilikuwa naliona zuri, nikaliona hata la upendo, wewe kukubali kazi yote hiyo kwa ajili yangu. Akaniambia, "Shangazi yako anakaa mfukoni mwako? Maana sisi tunahitaji mkataji mwenye mikono yake."

Jumapili mchana mume wangu alikwenda kutengeneza friji la bucha. Nilibaki peke yangu nimekaa kitandani, nalitazama gauni la harusi nyuma ya mlango. Mikono yake ilikuwa haina hata mkunjo. Nilicheza nalo harusini, nimeinua mikono juu, nimemkumbatia kila mtu, na kiuno hakikupanda hata kidogo. Nikalishusha.

Nilifumua mkono wa kushoto. Nilifumua kama ulivyonifundisha, kwa wembe, nikiruka mishono miwili na kukata wa tatu, halafu nikavuta uzi kwa upande wa pili taratibu, kitambaa kisiumie. Sikuwa na hasira. Uliniambia fundi mwenye hasira afumue kesho. Nikaupiga pasi ule mkono, nikautandaza mezani. Juu yake nikaweka mkono wa sare niliokata mimi.

Upande wa nyuma ililingana. Upande wa mbele, wangu ulikuwa umezidi kwa upana wa kidole. Wako umechimbwa, kwa mkasi safi, kuanzia kwenye kwapa kupanda hadi karibu na bega. Ndicho hicho tu! Mkono unatakiwa uchimbwe mbele kuliko nyuma, kwa sababu mtu huinulia mikono mbele. Upana wa kidole, Shangazi.

Halafu nikakumbuka kwamba mikono ya gauni lile niliikata mimi. Mezani kwako, kabla sijaondoka, kwa sababu nilitaka niwe na sehemu yangu kwenye gauni langu. Niliikata pande zote sawasawa kama kawaida, nawe ukasema, "Vizuri, mikono niachie mimi." Na mimi nilikwenda wapi? Ulinituma uzi mweupe.

Ndipo yakaanza kuja. Sare za shule, nikiwa darasa la nne, tulipofika kwenye mikono: "Nenda mbio ukaninunulie uzi." Magauni ya kwaya: uzi. Koti la mwalimu mkuu: uzi mweusi, na nisirudi na wa bluu. Nimekuwa mtu mzima, nina miaka ishirini na kitu, tukifika kwenye mikono natumwa uzi, nami nakwenda. Ulikuwa unaniruhusu ninunue na pipi. Nilikuwa natembea barabarani najiona mtu muhimu sana, kwamba dukani kuna wateja na wasichana wengine lakini wa kutumwa ni mimi. Nilidhani nimependwa.

Mume wangu aliporudi alikuta gauni la harusi limefumuliwa kitandani, mkono huku, mwili kule. Alikaa chini palepale mlangoni na mkoba wake wa zana. Akaniuliza polepole, "Nimekosa nini?" Ilibidi nimweleze yote. Akasikiliza, akashika kile kipande, akasema, "Kwa hiyo ni mkono tu?" Nikamwambia ndiyo, ni mkono tu. Akanikumbatia, nikalia mpaka akalowa.

Sikuulizi kama ni kweli. Nakuuliza kwa nini.

Mtoto wa kaka yako

*

14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Bwana Mita amekuja leo na mzigo wake, bila barua yako. Nilimwuliza mara mbili. Akaanza kunionyesha kitambaa cha suti.

Nimembana mpaka amesema. Kumbe barua zangu tangu Februari anakusomea yeye. Anasema ile ya mwisho alipofika kwenye maneno makali alijaribu kuruka, ukamwambia, "Soma yote, nakujua unavyopunja mita." Akasoma yote, amesimama, wewe umekaa unapapasa kitambaa. Ulipomaliza kusikia ulimwuliza tu bei ya bitana.

Anasema ukutani kuna magauni yametundikwa yasiyo na mikono. Mengi. Na kwamba ukimwaga chai unajifanya ulitaka kuimwaga.

Tangu lini, Shangazi? Ile mistari iliyopanda mlima, nami nikakutania! Na uliponiambia nikuletee mikono ya sare uimalizie, ungeimalizia kwa macho gani?

Sare za pili zimepita. Yule muuguzi alikuja tena, akainua mikono yote miwili, gauni likatulia. Mama Rula akapiga meza kwa rula, ile ya furaha. Mei nafasi ni yangu. Nilitaka kuruka, nikaendelea kukusanya vipande.

Niandikie. Hata kwa mkono wa mtu.

*

30 Aprili

Mwanangu,

Mwandiko ni wa Bwana Mita, maneno ni yangu, na akiongeza lake nitalijua kwa urefu.

Marahaba zako zote nimeziweka hapa kwa pamoja. Baba yako mzima. Bibi yako amepatana na jirani, sasa wanagombana na redio wote wawili. Paka amerudi.

Umeniuliza kwa nini. Nitakujibu, halafu usiniulize tena.

Fundi aliyenifundisha mimi alikuwa mwanamume mmoja mkali, na alikuwa akifika kwenye mkono anageuza kiti chake, anaelekea ukutani. Mwaka mzima nilitazama mgongo wake. Kisha nikaleta kioo kutoka nyumbani, nikakitundika ukutani mbele yake, nikamwambia ni cha wateja kujitazamia. Ndivyo nilivyoupata mkono. Hakuna aliyenipa.

Kabla yako nilimfundisha msichana mmoja. Nilisema mimi sitageuza kiti, nikamwonyesha yote, mkono na kola na mfuko. Hakumaliza hata msimu wa sare za shule. Alifungua duka mkabala na langu, na wateja wangu wakawa wananipungia wakivuka barabara. Lile duka lenye mlango wa kijani uliloniuliza ulipokuwa mdogo mbona sisi hatuendi kuwasalimu. Ndilo hilo.

Halafu ukaja wewe. Baba yako alisema, "Mshike mkono." Nikakushika. Nilikupa kila kitu kinachomweka mtu dukani. Kinachomtoa nilikiweka.

Na nikuulize mimi sasa. Droo ya kushoto, ile ya mashine yangu, ulikaa nayo miaka yote hiyo karibu na goti lako. Ilijaa uzi, mweupe, mweusi, wa bluu, mpaka ilikuwa haifungi vizuri. Hukuwahi kuifungua. Ungeifungua siku moja tu, ukaniuliza, "Shangazi, unanituma nini na uzi huu hapa?" ningekuonyesha mkono siku hiyohiyo. Nilikuwa nangoja uulize. Au labda nilikuwa naomba usiulize. Lakini wewe ulikuwa unatoka mbio, unarudi na pipi mdomoni, umeridhika. Mimi nilileta kioo. Wewe ulileta pipi.

Macho ni macho. Daktari amesema neno refu, sikulishika. Yalianza kabla ya harusi yako. Sikuja kwa sababu sikutaka kupapasa njia mbele ya wakwe zako wakasema huyu ndiye aliyeshona gauni. Gauni lile ndilo la mwisho nililotia mikono. Nililishona mchana, mlango wazi, pua ikigusa kitambaa. Nilikwambia usiliguse.

Wateja wanakuja kuulizia magauni yao. Nawaambia uzi umekwisha.

Siombi radhi. Hongera ya kazi.

Shangazi yako

(Mwandishi anatoa salamu na hajaongeza kitu. Bwana Mita.)

*

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nilimpa mume wangu aisome kwa sauti, nami nimekaa nimefumba macho, ili niipokee jinsi unavyozipokea zangu. Aliposoma habari ya gauni aliiweka barua kitandani. Akainuka, akaenda kuugusa ule mwili wa gauni uliobaki nyuma ya mlango. Hausalimu tena. Shangazi, nina mwanamume ambaye Mungu alimtengeneza bila haraka, na bado wiki nzima hii nimeamka na uchungu mdomoni, jua likiwa limezuiliwa vizuri na pazia.

Sijakusamehe. Nakuambia kwa sababu hujaomba radhi, basi tuko sawa. Umenilaumu kwa droo. Nilikuwa mtoto. Mtoto aliyefiwa na mama yake hafungui droo ya mtu aliyempokea, anaogopa kufukuzwa. Ulinifundisha adabu, halafu ukanilaumu kwa kuwa nayo.

Lakini kuna jambo lingine, na nisipokuandikia wewe sina wa kumwandikia.

Nimeanza kazi ya mkataji. Nimepewa kona yangu ya meza, mkasi mzito, na chaki za rangi tatu. Mama Pacha, yule aliyecheka mpaka akakaa, anataka kujifunza kukata. Ni mtu mzima, ana watoto, amechoka kutoboa matundu ya vifungo. Juzi alinisogelea na kiti chake, akasema, "Dada mkataji, leo nataka kuona unavyoufanya huo mkono wako, maana kila mtu anausifu." Nikamwambia karibu. Nikakunja kitambaa, nikachora, nikakata pande zote mbili kwa mpigo. Nikakunjua. Nikashika mkasi kuchimba mbele.

Nikasikia sauti inasema, "Hebu nenda stoo mara moja ukaniletee uzi mweupe."

Ilikuwa sauti yangu, Shangazi. Na uzi mweupe ulikuwa mapajani mwangu. Sikuwa nimepanga. Mkono ulikuwa umeshika mkasi, mdomo ukafanya kazi yake, kama vitu viwili vilivyofundishwa pamoja. Mama Pacha aliinuka mbio, anatabasamu. Aliporudi nilikuwa nimemaliza. Ameniletea uzi na kikombe cha chai, kwa kuwa nimemwamini. Nilikunywa ile chai. Ilikuwa tamu na sikuweza kumtazama.

Miaka yote nimekuwa nikisema nimejifunza kwako kukata, kufumua, kuangalia mabega. Kumbe hata kile ulichonificha nimekipata kamili, bila kioo.

Jana nilimwita. Nilimwambia, "Kaa hapa, usiinuke hata moto ukiwaka." Nikamwonyesha. Nilimwonyesha kwa roho mbaya, nitakuambia ukweli, kama natoa mali yangu kumpa mwizi. Akauliza, "Ndicho hicho tu?" Nikamwambia ndicho hicho tu. Labda mwakani atakaa kwenye kona yangu ya meza. Labda atafungua duka lenye mlango wa kijani. Sitaki kufikiria, na nafikiria.

Mume wangu ameshaomba ruhusa kazini kwake. Atakuja kuliona lile friji lako bovu ulilolifanya kabati la vitambaa, anasema hakuna friji linalokufa, linanuna tu. Nimemwonya kwamba utamwita majina. Anasema anataka kuyasikia.

Usiwarudishie watu magauni yao. Wakija kuuliza waambie fundi wa mikono anakuja. Gauni la harusi nitakuja nalo pia, na ule mkono uliofumuliwa. Nitaushona hapo mezani kwako, na wewe utakaa karibu yangu, utaupitisha vidole kwenye mshono, uniambie nilipokosea. Sitageuza kiti. Nikifika kwenye mkono sitaki uniambie "niachie mimi," na sitaki uzungumze habari za paka.

Kapu la vipande litoe kwenye kiti changu. Sikai zaidi ya siku nitakazopewa, nina nyumba sasa na nina mtu wa kufunga pazia. Lakini kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimesimama mlangoni kwako, na nikiingia usinitume popote. Uzi nakuja nao.

Binti yako